Shingo ya Kanzu ya Baba

Baba yangu alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alikuwa darizi ya shingo ya kanzu. Na kanzu yenyewe hakuwa na ugomvi. Kila Ijumaa alivaa nyeupe isiyo na nakshi yoyote, iliyofuliwa mpaka ikalainika, akatoka nyumbani kwetu Mji wa Kale kwenda msikitini akinukia udi. Lakini ukimletea kanzu iliyodariziwa, alishika koo lake kama mtu aliyeambiwa atanyongwa.

Sababu ilikuwa kazi yake. Alikuwa hamali bandarini Kilindini, na magunia aliyalaza pale shingo inapokutana na bega. Saruji, mbolea, chumvi, vyote vilipita hapo. Ngozi ya mahali hapo ilichubuka na kupona nusu, ikachubuka tena, na joto la kaskazi likija ikajaa harara. Juu ya ngozi hiyo ndipo watu walipotaka aweke nakshi.

Mimi nami, kwa bahati yake mbaya, nilikuwa mdarizi. Cherehani yangu ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nusu ya kanzu za mtaa wetu zilipitia chini ya sindano yangu. Wenyewe walipokuja kuzichukua walisifu upande wa nje. Upande wa ndani hakuna aliyeuliza.

Alipoolewa dada yangu mkubwa, baba alivaa kanzu niliyomdarizia mimi. Akaketi msikitini uso kwa uso na bwana harusi, wakashikana mikono kama ilivyo desturi, kadhi akaanza kumtamkisha maneno ya kumwoza binti yake. Katikati ya maneno baba akauachia ule mkono, akajikuna. Kadhi akasubiri, akaanza upya. Baba akajikuna tena. Wanaume walirudi nyumbani wakicheka, na wengine walimuuliza kama alitaka kughairi.

Kwa hiyo nilipoposwa mimi, baba alitangaza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya samaki, kwamba ami, mdogo wake, ndiye atakayeniozesha kwa niaba yake.

"Ami yako shingo yake nzima," alisema. "Mimi nitakaa nyuma, nile halua."

"Baba, mimi nataka unioze wewe."

"Basi nitavaa kanzu yangu ya Ijumaa."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Mbele ya wakwe? Wenzio wote wana darizi na majoho, wewe uje kama waenda kununua muhogo?"

Baba akanigeukia. Aliniita "mamangu", kama baba wengi wa Mombasa wanavyowaita binti zao. "Wasikia, mamangu? Kuvaa kama wao siwezi, na kuvaa kama mimi haifai. Nipumzisheni."

Niliumia sana. Mtu amebeba magunia miaka yote hiyo ili nile na nisome, halafu siku ya kunitoa akae nyuma kwa ajili ya uzi? Niliumia, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika lazima mikono yangu ipate kazi.

Niliitoa sandukuni ile kanzu aliyoivaa baba kwenye harusi ya dada, nikaigeuza. Nyuma ya nakshi kulikuwa na mafundo, ncha za nyuzi, na kile kitambaa kigumu cha kanvasi ambacho mafundi wote tulikitia chini ili nakshi isijikunje. Niliivaa hivyo hivyo, juu ya ngozi tupu. Kabla sijafika uani nilikuwa nimeshaivua.

Nilianza upya na kitambaa kipya. Nilipoacha kutia kanvasi, nakshi ilijikunja. Nikatia karatasi ya kaki mahali pake, nikaichana baada ya kudarizi. Vipande vikabaki ndani ya mishono na kuchoma zaidi. Nikaacha uzi wa kung'aa nikachukua wa pamba, ikawa afadhali. Nikalegeza mkazo wa uzi ili nakshi isikakamae, afadhali tena. Lakini kila nikipitisha kidole kwa ndani, ncha zilikuwepo zinanisubiri.

Jibu nililipata Mwembe Tayari, kwenye mitumba, nikitafuta shuka kuukuu za kujaribia. Mama mmoja wa bara alikuwa akiuza nguo za watoto. Nikashika fulana ya mtoto mchanga iliyodariziwa bata kifuani na, kwa mazoea ya siku hizo, nikaigeuza. Nyuma ya bata palishonwa kipande laini kilichofunika nyuzi zote.

"Wanafunika kwa sababu mtoto hawezi kusema ni wapi panamuuma," yule mama alinieleza. "Wako ana miezi mingapi?"

"Sina mtoto. Nina baba."

Alicheka mpaka akashika meza. Yule bata nilimnunua.

Sasa kanzu ina kaba, yaani kile kipande kinachoshonwa ndani ya shingo. Sisi tulikuwa tukishona kaba kwanza, kisha tunadarizi juu yake, kwa hiyo nyuzi zilipenya kaba na kumfikia mwenye shingo. Nikapindua mambo. Nilitia chini kitambaa chepesi badala ya kanvasi, nikadarizi, nikapunguza kila ncha na kila kilichozidi, halafu nikashona kaba kwa mkono juu ya yote hayo, pembe zake nimezikata mviringo. Kaba yenyewe niliikata kwenye kanzu kuukuu ya Ijumaa ya baba, ile ambayo shingo yake ilikuwa ikiijua. Kisha nikaivaa kanzu mpya mwenyewe jikoni adhuhuri, nikipika wali wa nazi huku jasho likinitiririka. Haikuniwasha. Nilipiga kigelegele peke yangu, mama akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Baba aliijaribu kwa hofu. Akageuza shingo kulia na kushoto, akasema, "Ebu na tuone," na jioni hiyo akamwambia ami kwamba ataniozesha yeye mwenyewe.

Asubuhi ya nikaha, mama alitaka kuongeza mapenzi yake. Kwake yeye kanzu isiyopigwa wanga ilikuwa nguo ya kulalia. Bila kuniambia alichemsha wanga wa muhogo mzito, akaitumbukiza kanzu yote, akaianika, akaipiga pasi ya makaa mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Akaniletea chumbani, uso unang'aa.

Mimi nilikuwa nimeketi mkekani, mikono na miguu imechorwa maua ya piko mbichi, siwezi kushika kitu. Nikamwomba aisogeze, nikaigusa shingo ya kanzu kwa shavu. Ilikuwa ngumu kama bati.

"Mama! Umeiua kanzu!"

"Nimeiua? Ebu itazame kwa mato yako, yang'ara!"

"Yakwaruza! Baba atauachia mkono wa mtu tena!"

"Bi harusi hapigi makelele. Wageni wako barazani, wakusikia."

"Na wasikie!"

Mama akaileta shingo ile kwenye shavu lake mwenyewe. Uso ukambadilika.

"Niambie la kufanya," alisema taratibu. "Mikono ninayo mimi."

Basi nikamwongoza. Aliitia shingo peke yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kanzu iliyobaki ameibeba begani isilowe, kwa maana wanga wa mwilini tuliuacha ili wakwe wapate cha kutazama. Akasugua kwa vidole, akamwaga maji, akarudia. Akaikausha kwa taulo na feni, akaifikicha kaba mpaka ikalegea. Mimi namfokea, yeye ananijibu, na kila tulipotazamana tulicheka. Sijawahi kumpenda mama kama asubuhi ile.

Baba aliivaa kabla ya sala ya adhuhuri na tangu hapo alikuwa nje juani, akipokea wageni na kusimamia masufuria ya biriani. Mimi ndani nilikuwa sina raha. Ilipokaribia alasiri alikuja kuniomba idhini kabla ya kwenda msikitini. Binti mwenye adabu hapo huinamisha kichwa akajibu kwa sauti ndogo, au akanyamaza tu. Wanawake walionizunguka walitega masikio. Baba akasimama mlangoni, kanzu imenyooka mwilini na kulala shingoni.

"Mamangu," alisema, "wakubali nikuoze kwa kijana wa watu?"

Adabu zote zikanitoka. "Shingo je, baba?" nilimuuliza kwa sauti iliyofika uani.

Baba akanitazama, hakunielewa.

"Shingo gani?" alisema.

Nikainamisha kichwa, machozi yananitoka, nikamwambia nimekubali.