Ubao wa Bandarini na Sahani ya Anthoula

"Ubao wenu ule ni mwongo," alisema Zambeta, "na uongo wa rangi ya buluu ni mbaya kuliko wa mdomoni. Wa mdomoni ukilala unasahaulika."

Alikuwa amesimama katikati ya mkahawa wa bandarini. Mkutano wa watu wenye vyumba vya kupangisha ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, na mwenyekiti wao, Bwana Isidoro, hajamaliza hata kusoma majina. Nje, hatua kumi kutoka mlangoni, ubao wenyewe ulisimama kwa miguu yake miwili mipya: FUKWE TANO BORA ZA KISIWA CHETU. Juu kabisa, namba moja, Vorina.

Zambeta hakuwa na ugomvi na Vorina. Ugomvi wake ulikuwa na Agosti. Tangu Julai ishike mpaka Agosti iachie, kaskazi huvamia visiwa kama ndugu anayedai urithi, na Vorina imekaa upande wa kaskazini, kifua wazi. Siku tatu nyuma wageni wake, Wajerumani wawili na binti yao mdogo, waliusoma ubao wakapanda basi. Walirudi kabla ya chakula cha mchana, mchanga masikioni, mwavuli umekwenda zake, mtoto analia jicho. Na hawakumlaumu Bwana Isidoro, maana hawamjui. Walimlaumu mwenye nyumba waliyolala.

Bwana Isidoro alijitetea. Kamati nzima ilizunguka kisiwa mwezi wa Mei, ufuo kwa ufuo, viatu mkononi, na Vorina ilishinda zote: maji yametulia kama mafuta ndani ya chupa, mchanga laini kama unga.

"Mwezi wa Mei hata mama mkwe wangu alikuwa mpole," Zambeta alimjibu.

Watu walicheka. Mmoja hakucheka, naye ni Anthoula, wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Anthoula ndiye mwenye mgahawa pekee kule Vorina: meza kumi na mbili, paa la matete, jiko moja. Aliinuka polepole, akachukua mkoba wake.

"Mwaka wa kwanza jina la ufuo wangu linaandikwa mahali," alisema, "na anayetaka kulifuta anatoka nyumbani kwetu. Asante, wifi."

Akatoka.

Wenye kujua walijua kwamba ubao ulikuwa kijiti tu. Moto uliwashwa zamani. Baba yake Anthoula, mzee Leonis, aligawa mali kama walivyogawa wazee wote wa visiwani. Mtoto wa kiume, mume wa Zambeta, alipewa shamba la bondeni, lenye chemchemi na milimau. Binti alipewa kipande cha pwani cha kwendea kwa mume, chumvi na mchanga, ardhi isiyootesha hata kitunguu. Siku hizo pwani ilikuwa ya mbuzi. Leo mabinti wengi waliopunjwa hivyo wanacheka mpaka jino la mwisho, maana wageni hawaogelei kwenye milimau. Lakini Anthoula hata katika bahati hiyo alipewa kisogo: chake kilikuwa upande wa upepo. Vyumba sita vya Zambeta vilijengwa kwa mazao ya shamba lile la bondeni. Alilijua hilo kila alipotandika kitanda.

Tena kulikuwa na sahani.

Stamatis, mume wa Zambeta, alipofariki majira ya baridi miaka mitatu iliyopita, Zambeta alishindwa hata kuwasha jiko. Siku arobaini Anthoula aliuvuka mlima, mvua isiwe mvua, na sahani kubwa yenye ukingo wa kijani imefunikwa taulo: leo dengu, kesho maharage, keshokutwa mbaazi za mviringo zilizochemka usiku kucha. Alingoja ziliwe, akaosha sahani, akarudi nayo. Siku ya arobaini alikimbilia basi, sahani ikabaki.

Na sahani ya mtu hairudi tupu. Hata mayai mawili utaweka, hata limau moja, lakini tupu hairudi. Zambeta aliwaza vitamu vya lozi, akaona ni matusi: siku arobaini kwa vitamu kumi na viwili? Akawaza jibini, akawaza mwanakondoo wa Pasaka. Kila alilowaza lilikuwa dogo, na kila mwezi uliopita ulilifanya dogo zaidi. Mwisho sahani ikaingia kabatini, nyuma ya glasi, na Zambeta akaanza kupunguza kwenda Vorina. Mkono mtupu haulambwi, na mwenye mkono mtupu huuficha.

Jumanne baada ya mkutano, dereva wa basi alimletea habari bila kuulizwa, kama kawaida yake. Anthoula ameagiza lori la Jumamosi. Anapeleka vyombo kwa bintiye Athens na kukaa huko huko, alee wajukuu. Anafunga mgahawa.

"Atarudi Pasaka," alisema Zambeta.

"Mtu anayerudi hachukui jiko, mama," alisema dereva.

Asubuhi ya Jumatano wageni walikusanyika kwenye kahawa kama kila siku, kofia vichwani, wakamuuliza lile swali lao moja: Zambeta, leo wapi? Naye akapanda darini, kwenye paa bapa la nyumba, kama kila siku, kuyauliza mashuka. Huanika mashuka ya vyumba vyote sita alfajiri, na tangu awe mjane hajatazama utabiri wa televisheni hata mara moja. Mashuka yakivutwa kuelekea bandarini, ni kaskazi, mpeleke mgeni Ammoudaki, ufuo wa upande wa kusini, akapumzike nyuma ya jabali. Wapo wanaorudi kwake mwaka wa tisa huu kwa sababu hiyo tu. Vitanda vyake vyenyewe havina sifa.

Mashuka yalikuwa yamenyooka kuelekea bandarini, yanapiga kama mijeledi.

Neno moja tu, Vorina, na watu kumi na wanne wangekuwa mezani kwa wifi yake adhuhuri. Alilitia mdomoni, akaliona lilivyo. Akashuka.

"Ammoudaki," aliwaambia, na moyoni akahisi amemfungia wifi yake mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Alhamisi ikawa vilevile.

Ijumaa aliamshwa na ukimya. Darini mashuka yalikuwa yamelegea kama nguo za mtu aliyekonda. Kisha lile la pembeni likainuka ncha, polepole, likaelekea mlimani. La pili likafuata. Hewa ya moto ikampiga usoni kama mtu amefungua mlango wa tanuri.

Kusi. Katika Agosti huja mara moja moja, ikakaa siku moja au mbili. Siku hiyo Ammoudaki hupokea mawimbi, taka zote za bahari na wale wadudu wa utelezi wanaowasha ngozi. Na Vorina, mlima ukiwa umeikinga mgongoni, hulala.

Alimpigia Anthoula simu mara tatu. Haikupokelewa. Akavaa viatu vya kanisani, maana ndivyo vilivyokuwa karibu, akateremka bandarini.

Foleni ya basi la Ammoudaki ilikuwa imeshajaa watu na maboya ya watoto. Wenyewe hawakuwa wageni wake hata nusu. Zambeta alisimama mbele ya ubao, na kwa Kiingereza cha maneno thelathini na mikono ya maneno mia akawapindua wote kwenda Vorina. Aliwaonyesha bendera ya ofisi ya bandari, akawaonyesha mlima, akajikuna mikono kuwaigizia wadudu. Bibi mmoja Mfaransa alihama foleni kwa kicheko tu.

Bwana Isidoro alitoka mkahawani, kikombe mkononi. "Leo unausifu ubao?"

"Leo umeokota ukweli njiani. Uchore na mgongo wake, Isidoro. Mbele orodha ya kusi, nyuma orodha ya kaskazi. Nitaugeuza mimi kila asubuhi nikishayaona mashuka."

Isidoro alinung'unika kuhusu rangi.

"Ya kudanganyia ilipatikana," alisema Zambeta, akaenda zake dukani.

Alipanda basi na trei mbili za mayai, mfuko wa viazi na soseji za kutosha harusi. Chini ya kwapa, ndani ya taulo, alibeba sahani yenye ukingo wa kijani, tupu. Alipopita nyumbani kuichukua hakuwa na nafasi ya kufikiri aijaze nini, na huenda ndiyo sababu aliweza kuichukua.

Anthoula alikuwa amekaa juu ya boksi la vyombo, kamba mkononi, ameipa bahari mgongo. Viti vilikuwa vimepandana hadi paani. Alimwona Zambeta akiteremka njia ya mawe kwa viatu vya kanisani, na nyuma yake mstari wa watu arobaini.

"Umekuja kuniaga au kunizika?"

"Nimekuja na watu. Washa jiko."

"Vyombo nimeshafunga."

Zambeta alifunua taulo. "Kimoja hiki hapa."

Anthoula aliitazama sahani, akaitazama tena, hakuigusa. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu kuche akaitazama bahari. Hapakuwa na kunyanzi. Watoto walikuwa wameshaingia, na kivuli cha kila mmoja kilionekana mchangani chini ya maji.

"Kusi," alisema.

"Kusi."

"Kumbe hukuja kwa huruma."

"Ningekuonea huruma ningekuletea hawa Jumatano, wifi, wakutukane kwa lugha tano."

Anthoula akaikata kamba ya boksi la vikaango kwa meno.

Wakapika kimanda cha viazi na soseji, kile kinene cha kwetu kinachogeuzwa mara moja tu na kwa ujasiri. Cha kwanza kilitoka maboksi ya sahani bado yamefungwa, kikaenda mezani kwenye sahani ya kijani. Ikarudi, ikaoshwa, ikaenda na cha pili. Hata boksi la kwanza la sahani lilipofunguliwa, kisha la pili, Anthoula aliendelea kuikamata ileile. Waligombana kuhusu chumvi, na kuhusu Stamatis, kama alipenda vitunguu au alivumilia. Walikubaliana kwamba alivumilia. Alasiri yule bibi Mfaransa alikuja mpaka jikoni kuuliza kama kesho kuna chakula. Anthoula alimtazama wifi yake.

"Kusi ya namna hii hukaa siku mbili," alisema Zambeta. "Na Septemba kaskazi huchoka. Siku zako ni chache kuliko za wenzako, lakini zitakuwa zako kweli, kwa ubao na kwa mdomo wangu."

Anthoula akafuta mikono, akampigia mwenye lori asije.

Jua lilipoegemea mlima na wageni wakaanza kukung'uta mataulo, Zambeta aliichukua sahani, akaikausha, akaifunga tena ndani ya taulo lake.

"Unaipeleka wapi?"

"Nyumbani. Nitaileta Jumapili na kitu ndani. Siwezi kukuachia tupu."

Anthoula alinyoosha mikono, akaitoa sahani kwenye taulo, akaitundika kwenye msumari wake juu ya jiko, msumari uliokuwa mtupu miaka mitatu.

"Leo imejaa mara ngapi, ulihesabu?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Mara kumi na nne, na ya mwisho uliongeza soseji." Akamsukumia taulo tupu. "Tumemalizana, wifi. Kimbia, basi linaondoka."