Erio ya Kaluki

Kaluki alilikataa dishi la televisheni kabla hata halijashushwa kwenye pikapu, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya uwongo. Alisema hataki kitu kikubwa namna ile kwenye nyumba ya watu. Nyumba zenyewe ni za reli, leo tupo kesho hatupo, na wenyewe wakija watauliza karai hili la kuogeshea ndovu limetoka wapi. Majirani wakacheka. Nabiswa, mama wa mlango wa pili, akasema kama halitakiwi wampe yeye aanikie wimbi. Kilonzo, mwanawe, hakucheka. Alikuwa ametoka kwake Buruburu asubuhi ile na fundi, na alitaka baba yake atazame Kombe la Dunia kama mtu, si kwa kukisia mpira uko wapi.

Sababu ya kweli Kaluki asingeisema hata kwa kushikiwa panga. Basi niiseme mimi, maana tukimngoja yeye tutakesha.

Kaluki na mumewe Kyule walikuwa hawasemezani. Hawakupigana, hawakutukanana, na hakuna aliyehama chumba. Chakula kilipikwa na kufunikwa mezani, shati likapigwa pasi, hela za matumizi zikawekwa chini ya kopo la majani chai. Mgeni angekaa humo siku nzima asing'amue kitu. Lakini neno la mke kwa mume na la mume kwa mke halikuwepo, tangu mwaka wa tisini na sita, mama yake Kaluki alipofariki kule kwao Mwala.

Kyule wakati huo alikuwa gadi wa treni ya Mombasa. Mama mkwe amekufa, watu wamekusanyika, kaburi limechimbwa, mkwe haonekani. Alifika mazishi yamekwisha na turubai limeshafungwa, kofia ya kazi mkononi. Kaluki alisimama mlangoni akingoja neno moja tu, pole. Kyule akamwambia, "Treni haimngoji mtu." Hayo ndiyo aliyoyasema, mwanamume mzima, kwa mwanamke aliyetoka kumzika mama yake. Baadaye mke wa gadi mwingine akamdokezea Kaluki kwamba Kyule hata ruhusa hakuiomba. Kaluki akafunga mdomo. Kyule naye ni wa ile aina ya wanaume ambao neno pole huwakwama kooni kama mwiba wa samaki, akafunga wake. Mambo yakakaa hivyo.

Kitindamimba wao, Koki, ndiye aliyekuwa akipeleka habari kati yao. "Mwambie baba yako sukari imeisha." "Mwambie mama yako nimesikia." Koki alipoolewa mwanzoni mwa tisini na saba, nyumba ikabaki na watu wawili na televisheni.

Sasa, televisheni za siku zile tunazijua. Erio, yaani antena, ilifungwa juu ya bomba refu la chuma, bomba likashikiliwa ukutani kwa klampu, na likisogea hata kidogo picha ilijaa chenga, msomaji wa habari akawa kama mtu anayesimama kwenye mvua ya mawe. Dawa yake ilikuwa kuzungusha bomba, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huzungusha nje, mwingine hutazama kioo ndani na kumwambia kupitia dirishani. Mtaa wote wa Makongeni jioni ulikuwa sauti hizo: bado, rudi, umepita, hapo.

Mara ya kwanza chenga zilipowakuta wawili peke yao, walikaa wakazitazama habari nzima, kila mmoja akimngoja mwenzake ashindwe. Jioni iliyofuata Kyule aliinuka akatoka nje bila neno. Kaluki akasikia bomba likilia. Alikaza roho kadiri alivyoweza, lakini picha ilikuja ikapotea, ikaja ikapotea, mpaka mdomo ukamtoka wenyewe.

"Umepita," akasema.

"Hapa?" Kyule akauliza kutoka nje.

"Rudi kidogo. Hapo."

Yakaishia hapo. Kaluki alilala akiwa na hasira na nafsi yake. Lakini jioni ya pili chenga zilirudi, na ya tatu, na polepole maneno yakaongezeka. Mwaka ule mvua za El Niño zilipoanza kupiga, alimuuliza, "Unanyeshewa?" Akajibiwa, "Kidogo." Siku nyingine Kyule alisema huko nje kuna mwezi mzuri. Siku nyingine alimwambia wamemtoa kwenye treni, kwamba sasa atakuwa karani kwenye ghala la mizigo na kila jioni atakuwa nyumbani. Habari kubwa kama hiyo aliitoa akiwa ameshika bomba, mwanamume huyo, kwa ukuta. Picha ikishatulia alirudi ndani, nao wakanyamaza hadi kesho. Hawakuitana kwa jina. Lakini Kaluki alianza kuingoja saa moja kuanzia alasiri, na siku moja alipojikuta anachana nywele kwa ajili ya taarifa ya habari, aliona haya peke yake jikoni.

Mvua zikaisha, chenga hazikuisha. Kaluki alimshukuru Mungu kwa upepo wa Makongeni, unaokuja jioni tu na hauchoki. Hakujiuliza zaidi ya hapo. Mtu akipewa anachokitaka haulizi kimetoka duka gani.

Ndipo Kilonzo akaja na dishi lake. Juma moja kabla aliwaeleza wote wawili sebuleni: picha safi kama kioo, mpira, sinema, stesheni za dunia nzima, na halizungushwi milele. Bomba la erio ndilo litakalobeba dishi, kwa hiyo erio itashuka. Na habari za hapa nchini je? Za hapa watasikiliza kwenye redio. Akamgeukia baba yake. Kyule akatazama viatu vyake.

"Muulize mama yako," akasema.

Hilo lilimuuma Kaluki kuliko dishi lenyewe. Aliona kwamba kwa Kyule ni sawa tu, erio iwepo isiwepo, na kwamba zile jioni zote alikuwa akizihesabu mwenyewe.

Basi Jumamosi hiyo Kyule yuko kazini, dishi liko kwenye pikapu, na Kaluki amesimama uani mikono kiunoni akisema mambo ya ndovu. Fundi, Mluhya mmoja mpole aitwaye Shiundu, hakutaka kuingilia ya mama na mwana. Alizunguka nyuma ya nyumba kuangalia bomba kama litahimili uzito. Akakaa huko kidogo, kisha akamwita.

"Mama, bomba hili hushikwa na nani?"

"Baba Kilonzo huzungusha jioni. Upepo unatusumbua."

Shiundu akatazama juu, akatazama klampu. "Si upepo huu," akasema. "Hii klampu ina nati mbili, na aliyezifunga mwanzo alizifunga vizuri. Ile ya juu ina kutu, haijaguswa. Lakini hii ya chini hufunguliwa mara kwa mara. Ona spana ilivyoimenya kingo. Tena imepakwa grisi ili isikwame. Upepo haupaki grisi, mama."

Kaluki aliinama akaitazama. Grisi ilikuwa nyeusi, mbichi, ile ya mabehewa. Na hapo akakumbuka mkono wa kulia wa shati la Kyule, doa ambalo miezi mingi amelisugua kwa sabuni ya mche akilaani, akijiuliza karani wa ghala anapaka nini. Akakumbuka kwamba Kyule akitoka kazini haingii ndani moja kwa moja. Hupita kwanza nyuma ya nyumba, kwenye mfereji wa maji, kunawa miguu. Kila siku miguu. Mwanamume anayevaa soksi.

Akaivuta ndoo akaikalia. Alifurahi, kisha akakasirika kwa sababu amefurahi, kisha akatamani kumpigia mtu kelele na hakujua nani. Kumbe yule mzee mkaidi alikuwa anaharibu erio jioni kwa jioni ili apate kuambiwa "rudi kidogo".

"Basi niikaze?" Shiundu akauliza. "Nikiikaza na kuipigilia kabari, haitasogea tena. Hata dishi hamtalihitaji. Picha itakuwa safi."

"Usiiguse," Kaluki akasema.

Kilonzo alikuwa amefika nyuma yao. "Mwaitu, mama yangu, sasa hutaki dishi na hutaki erio itengenezwe? Unataka nini?"

"Nataka ukalifunge kwako Buruburu. Mimi habari za Wajerumani zinanihusu nini? Nendeni mkanawe mle, kuna muthokoi."

Kilonzo alikula akinung'unika kwamba wazee wa siku hizi hawasaidiki. Shiundu alikula, akashukuru, na kama alielewa kitu hakukitaja. Pikapu ikaondoka na dishi lake kuelekea Jogoo Road, na Nabiswa akauliza kama hata mfuniko wake hakuachiwa.

Jioni Kyule alirudi. Kaluki alimwona kupitia pazia akisimama njiani, akitazama juu ya nyumba. Alisimama kwa muda mrefu. Erio ilikuwa mahali pake. Akapita nyuma kwenda kunawa miguu yake, na Kaluki akatega masikio akasikia, kwa mara ya kwanza kwa sababu sasa alijua la kusikiliza, mlio mdogo wa chuma juu ya chuma.

Saa moja televisheni ikawashwa. Chenga tupu. Kyule akaguna kama mtu aliyechoshwa na mambo ya dunia, akainuka, akatoka. Kaluki akavuta kiti mpaka dirishani. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana, na yeye ana wajukuu.

"Hapa?" Kyule akauliza.

"Bado."

"Hapa?"

"Bado," akasema. Kisha akasema, "Baba Kilonzo."

Bomba likaacha kulia. Hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi ya Mwala.

"Spana iko wapi?"

Treni ya mizigo ilipita kule relini, ikachukua muda wake wote kupita. Kaluki alidhani ameharibu kila kitu.

"Iko mfukoni," Kyule akasema.

Kicheko kilimtoka Kaluki bila ruhusa, na katikati yake akagundua kwamba analia pia. Kyule alipoanza kusema huko nje, alisema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo mzito asitake uvunjike.

"Ruhusa sikuiomba. Watu walikuwa wanapunguzwa kazi, kila wiki jina la mtu. Niliogopa. Halafu nikafika pale nikakuona, nikaogopa kukwambia kwamba nilikuwa mwoga. Nikasema lile neno la kipumbavu. Pole, Mama Kilonzo. Pole ya mama. Ilinipasa nije."

Kaluki alijifuta uso kwa kanga. Alikuwa amelitengeneza jibu lake kwa karibu miaka miwili, refu, lenye makali pande zote, na sasa akalitafuta asilione.

"Nimesikia," akasema. "Ingia ule, kinapoa."

"Na picha?"

Akageuka akakitazama kioo. Msomaji wa habari hakuwa na uso, hakuwa na mabega, alikuwa sauti tu ndani ya chenga.

"Ni safi," Kaluki akasema.

Kyule akaingia. Aliitazama televisheni, akamtazama mkewe, akaitoa spana mfukoni na kuiweka juu ya televisheni. Kisha akavuta kiti mezani, na Kaluki akaleta sahani mbili.