Chumvi ya Mnarani

Niliondoka nyumbani, pande za Siongiroi, kwa sababu ng'ombe wetu mmoja alikuwa amekufa na wa pili alikuwa ameanza kusaga meno. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wazazi wetu walikuwa wametangulia, na mimi, kifungua mimba, niliacha shule darasa la saba ili wadogo zangu wasome. Ng'ombe hao wawili ndio waliotulea.

Juu ya kilima chetu palikuwa na mnara wa simu za mkononi, ingawa kijijini hakuna aliyekuwa na simu hiyo. Betri kubwa za mnara zilipochoka, mafundi walizitupa shimoni nje ya ua, wakaweka mpya. Zile za zamani zilipasuka kwa jua, zikaota unga mweupe. Sisi wafugaji tunaujua unga mweupe unaopendwa na ng'ombe: ni chumvi. Tumezoea kuwapeleka mbali, kwenye udongo wa chumvi, wakalambe. Mdogo wangu Kiprono alipowaona wanalamba betri bila kuinua kichwa, alibeba moja akaiweka kwenye hori letu. Majirani walimsifu kwa akili. Chelel, ng'ombe wetu mweupe, alilamba kuliko mwenzake. Akapofuka, akawa anasukuma ukuta kwa paji la uso mpaka akaanguka.

Alfajiri nilitia kipande cha ile betri kwenye gunia, nikashika njia ya Bomet kwa miguu.

Bomet, mchana. Daktari wa mifugo alinisikiliza, akakitazama kile kipande bila kukigusa.

"Ng'ombe wako amekufa kwa risasi," alisema.

"Hapana, daktari. Hakuna aliyempiga bunduki. Tulimzika wenyewe, ngozi haina hata tundu."

Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. "Si hiyo. Risasi ni madini. Ya bunduki hutengenezwa nayo, na betri pia zinayo ndani. Hii mnayoita chumvi ni sumu. Huyo mwingine bado mnamkama?"

"Leo asubuhi nimemkama."

"Maziwa mwageni. Na betri za hilo shimo ziondolewe kabla mvua haijaiteremsha sumu mtoni."

Nilitoka nje. Mnara wa simu ulikuwa juu ya kilima chetu, lakini sikuwa na njia ya kumwambia Kiprono asimpe mdogo wetu wa mwisho, Chepkoech, maziwa. Sokoni nilimpata mchuuzi wa ng'ombe anayerudi Siongiroi, nikamtuma na neno hilo. Mimi nikapanda lori la majani chai kwenda Kericho, kwenye ofisi ya kampuni yenye mnara.

Kericho, jioni. Nililala kwa Mama Akinyi, rafiki wa marehemu mama, kwenye laini, zile nyumba za wachuma chai. Alinipa ugali na omena, dagaa wa ziwani, kisha chai ya maziwa. Sikuweza kuinywa.

"Kunywa, binti yangu. Hii ni ya ng'ombe wa hapa," alisema.

"Najua, mama. Naomba ya rangi tu."

Alinimiminia ya rangi, hakuuliza tena.

Asubuhi, kwenye lango la ofisi, askari aliuliza nimeleta nini.

"Risasi," nilisema.

Aliruka nyuma na rungu lake. "Risasi? Wee msichana! Iko wapi?"

"Kwenye gunia. Ni ya betri yenu."

Alilifungua gunia kwa ncha ya rungu, akapangusa jasho, akasema siku nyingine nianze na betri. Ndivyo nilivyofika mbele ya bwana mkubwa. Hakuwa mtu mbaya, alionekana kuchoka.

"Dada, sisi kazi yetu ni kupeleka betri mpya," alinieleza. "Za zamani hatujapangiwa."

"Mpya zilifika na nini?"

"Na lori."

"Na lori lilirudi na nini?"

"Lilirudi tupu," alisema, akaandika lori liende likazichukue.

Nilikaa langoni siku hiyo na iliyofuata, mpaka lori likatoka. Nikapanda nyuma pamoja na wapakiaji.

Tulifika nyumbani jua likiegemea magharibi. Kiprono alikuwa ameketi kando ya ng'ombe wa pili, aliyelala chini, amekufa, macho wazi.

"Maziwa nilimwaga yote, dada," alisema. "Chepkoech alilia njaa, lakini nilimwaga."

"Ulifanya vizuri."

"Yule mchuuzi alitangaza kila mahali kwamba ni risasi. Sasa wenzangu wananiita Bunduki."

Nilimshika mkono, tukapanda kilimani kuwaonyesha wapakiaji shimo. Wapakiaji walitoa betri zote, na udongo mweupe wa chini yake, kwa majembe na magunia. Lilipobaki shimo tupu, Kiprono alilijaza mawe peke yake, akikataa kusaidiwa.

"Mnazipeleka wapi?" nilimuuliza dereva.

"Stoo ya Kericho."

"Na kutoka hapo?"

"Hapo, dada, mimi sijaambiwa."

Katika safari hiyo nilijifunza maana ya pili ya neno nililodhani nalijua. Nilijifunza pia kwamba mwenye kuleta kitu kilimani hana budi kujua kitashukia wapi siku kikichoka, na kwamba hata wenye mnara walikuwa hawajajiuliza hilo. Nilimwomba dereva turubai. Mimi na Kiprono tukalitandaza juu ya mzigo, tukalifunga kila pembe, maana kuanzia kwetu hadi Kericho ng'ombe hulishwa kando ya barabara.