Mgongo Niliougombea

Jumapili ile nilimuaga mama mkwe kwamba naenda kusali. Kweli nilisali, lakini wakati wa kurudi nilisimama ufukweni kusikiliza bendi ya vijana, nikachezacheza na mtoto mgongoni.

Mwezi uliofuata, jirani akanionyesha gazeti la muziki. Mwanamke amepigwa picha kwa nyuma akicheza, mtoto amefunikwa kofia ya sufu, kitenge chenye samaki wa njano. Kitenge changu! Chini wameandika: "Vijana wa mpakani, kizazi kisicho na kwao." Damu ilinichemka. Mimi sina kwetu? Nimezaliwa hapa hapa Gisenyi, nimesoma Gisenyi! Na mama mkwe akiiona je?

Nikaenda mbio studio kwa mpiga picha ambaye jina lake lilikuwa chini ya picha. Wateja walikuwa wamejaa.

"We, nani alikuruhusu kupiga picha mugongo yangu? Kwako vijana wote wa mpakani hawana kwao?"

"Bon, Mama Keza, tulia kwanza..."

"Situlii!" Nikanyakua gazeti lililokuwa mezani kwake, nikalichana vipande vipande.

Mwanamke mmoja akainuka kwenye benchi, mtoto mgongoni, samaki wa njano kiunoni. Ndipo nikakumbuka soko la Goma, ng'ambo ya mpaka: kitenge kizima kilitushinda bei, tukakichangia na kukikata nusu kwa nusu, mimi na mama nisiyemjua.

"Dada," akasema, akiinama kuokota vipande, "ile mugongo ni yangu. Maneno yao hata mi ilinichukiza. Lakini mutoto wangu hana picha ingine, na hiyo gazeti walikuwa wameniwekea."