Kuku wa Kisimani na Saa Yangu ya Maktaba

Mpaka zilipobaki wiki chache nistaafu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kuku mmoja alitumbukia katika kisima cha kichochoro chetu, Mji wa Kale, akaibuka siku ya saba katika kisima cha huko Lamu, mzima, analia kwa njaa, na uzi mwekundu bado umefungwa mguuni. Alikuwa kuku mweupe wa jirani yetu. Mama yangu alinisimulia, mtaa mzima ukanisimulia, na mjomba mmoja aliyekuwa akisafiri Lamu kila mwezi aliapa kwamba alimwona kwa macho yake. Nawaambia haya mapema, vijana mnaosoma, kwa sababu kazi niliyoifanya maisha yangu yote ilikuwa kuwafundisha watu wasiamini mambo ovyo.

Nilikuwa mwalimu wa maktaba ya chuo kikuu, hapahapa kisiwani. Na kama kuna mtu ameandika tasnifu Mombasa hii bila kupita mkononi mwangu, basi aliiandika kabla sijazaliwa.

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, baada ya kushinda kutwa katika ghala moja la Shimanzi nikihesabu magunia ya ngano. Cheti cha ukutubi nilikipata vilevile. Sikukosa kipindi hata kimoja, ingawa vingine nilihudhuria nikiwa nimelala macho wazi, ujuzi ambao watu wa ghala wanaufahamu vizuri.

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Mkutubi Mkuu wetu alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mji wa Kale kama mimi, binti wa mwenye duka la vitambaa. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa mkufu, na akiivaa ujue kuna mtu ameharibu. Alinionyesha kitoroli kilichojaa vitabu vilivyorudishwa, akaniambia nivipange rafuni, akaenda zake mkutanoni.

Nilivipanga kama tulivyopanga Shimanzi: mizigo mizito chini, myepesi juu, ya rangi moja pamoja. Nilipomaliza kitoroli nikaona rafu nyingine nazo zimekaa vibaya, nikazipanga na zile. Mkutubi Mkuu aliporudi akavaa miwani. Alizikagua rafu moja baada ya nyingine, na mimi niliona kama mwezi mzima wa Ramadhani.

"Bwana Athumani," akasema, "umepanga vizuri sana. Sasa nitafutie kitabu cha mikoko."

Nilikitafuta tangu saa nne asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nilipokipata, kilikuwa kimekaa baina ya kitabu cha sheria na cha upishi, kwa kuwa vyote vitatu vilikuwa vya kijani. Ndipo akaniketisha akanifundisha ile namba inayobandikwa mgongoni mwa kitabu. Namba ile ni anwani: tarakimu za mwanzo ni mtaa, zinazofuata ni kichochoro, na herufi za jina la mwandishi ndiyo nyumba yenyewe. Sikuisahau tena. Leo nikifumbwa macho nikaingizwa katika maktaba yoyote ile, nakwenda moja kwa moja kwenye mikoko.

Mwaka uliofuata Mkutubi Mkuu alichoka. Wanafunzi walikuja kaunta wakisema wanataka "kitabu cha bandari", wakapewa cha kwanza kilichoonekana, wakanakili kurasa kumi, wakaenda. Akaomba apewe saa moja kila Jumanne kuwafundisha kutafuta habari, kuzipima, na kutaja walikozitoa. Tuliiita Saa ya Maktaba. Alipotangaza kwamba nitaifundisha mimi, mhadhiri mwandamizi mmoja aliuliza mbele yangu kama chuo kimekosa watu wenye digrii. Yule mama hakuinua hata kichwa.

"Huyu alipotea humu ndani siku nzima," alisema. "Nani mwingine anazijua njia zote za kupotea?"

Basi nikafundisha. Nilianza na maneno msingi, yaani yale maneno machache yanayobeba swali lako. Ukitafuta "bandari" peke yake unamwagiwa bandari zote za dunia. Ukiandika bandari NA ushuru NA Kilindini, unabaki na karatasi chache unazoweza kuzisoma. NA inapunguza, AU inaongeza, SIO inafukuza. Niliwasimamisha wanafunzi darasani, wenye miwani NA viatu vyeusi upande huu, wenye miwani AU viatu vyeusi upande ule, na vicheko vilisikika mpaka Makupa.

Kisha nikawafundisha maswali manne ya kuuliza kila habari: nani kasema, kajuaje, kasema lini, na anafaidika nini watu wakimwamini. Nikawaeleza chanzo cha msingi, ambacho ni mtu aliyekuwapo au hati iliyoandikwa wakati wa jambo lenyewe, na chanzo cha pili, ambacho ni mtu anayesimulia alichosoma au kusikia kwa mwingine. Neno moja nililipiga marufuku kabisa: "inajulikana". Mwanafunzi akiandika inajulikana kwamba, nilimzungushia wino mwekundu nikaandika pembeni, "Na nani?"

Wakubwa walibadilika. Mkutubi Mkuu wa pili alituletea kompyuta na hifadhidata, ambazo ni maghala makubwa ya makala yanayofunguliwa kwa neno la siri. Mimi, mtu wa ghala tangu zamani, nilijiona nimerudi nyumbani. Mkutubi Mkuu wa tatu, kijana mpole aliyeniita Mzee hata alipokuwa akinikaripia, alipokea zama za simu zinazojibu kila kitu. Siku moja mwanafunzi alinipa orodha ya vitabu kumi na viwili alivyoandikiwa na simu yake. Majina mazuri, waandishi wenye heshima, kurasa zimetajwa. Nilitafuta siku tatu. Hata kimoja hakikuwahi kuandikwa duniani. Tangu hapo, kila darasa nililifundisha kufungua kila rejeleo na kuona kwa macho kama kitabu kipo.

Fahari yangu kubwa ilikuwa Karatasi ya Kijani. Hicho kilikuwa kikaratasi cha kurasa nne nilichokitunga mwenyewe, chenye hatua zote za utafiti, na kila mwanafunzi mpya alipewa chake. Kwenye ukurasa wa tatu nilihitaji mfano wa mada inayotokana na masimulizi ya wazee. Nikaandika habari za yule kuku, kwamba safari yake ni ushahidi wa njia ya maji inayopita chini ya ardhi kutoka Mombasa hadi Lamu. Sikuweka chanzo. Kwa nini niweke? Mtaa mzima ulijua.

Miaka ikapita, nami nikasahau kwamba kuku yule aliwahi kuwa hadithi ya mama yangu. Alikuwa ameshakuwa sehemu ya elimu.

Muhula wangu wa mwisho, Saumu akaja. Saumu binti Hamisi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akisomea shahada ya uzamili, na tasnifu yake ilihusu visima vya Mji wa Kale. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akibishana. Alihudhuria Saa ya Maktaba mara mbili, ya pili kwa hiari, akisema alikuja kuhakikisha kama nitasema yaleyale.

Siku hiyo hakubishana. Aliketi mbele ya meza yangu na tasnifu mapajani. Mkuu wa Idara ya Historia alikuwa ameisoma yote kabla ya kuipeleka kwa jopo la watahini, akafika sura ya tatu, akasimama kwa kuku. Alimuuliza nani alimwona kuku huyo. Saumu akajibu kwamba imeandikwa, tena mara mbili. Mkuu wa Idara akauliza imeandikwa na nani. Saumu akaomba aifute aya hiyo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkuu wa Idara alimwambia kufuta ni rahisi, lakini yeye anataka kujua maneno yale yaliingiaje, kwa kuwa kama aya moja imeingia bila mlango, huenda na nyingine zimeingia hivyohivyo. Alimpa wiki mbili alete chanzo cha msingi. Asipoleta, tasnifu haiendi kwa jopo, na mahafali ya mwaka huo atayatazama kwenye simu. Mamake alikuwa ameshakata kitambaa cha nguo.

"Mwalimu," akaniambia, "nisaidie kumtafuta huyu kuku."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nilikaa kwenye kompyuta nikavimba kama rubani. Chanzo chake cha kwanza kilikuwa makala katika jarida la wanafunzi wa historia. Tukaifungua, tukashuka mpaka kwenye tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Mwandishi alisema ameyatoa katika Karatasi ya Kijani ya maktaba. Sawa. Chanzo chake cha pili kilikuwa Karatasi ya Kijani yenyewe, toleo jipya. Tukashuka chini. Pale nilikuwa nimeandika, kwa herufi nzito, kwamba habari hii imethibitishwa na makala katika jarida la wanafunzi wa historia.

Nilikumbuka nilipoiona makala ile mara ya kwanza. Nilifurahi. Nilidhani nimepata shahidi, kumbe nilijiona kwenye kioo.

Saumu alitazama skrini, akanitazama mimi. "Hawa wawili wanaelekezana," akasema taratibu. "Na wewe, Mwalimu, uliipata wapi?"

"Saumu, hiyo inajulikana."

"Na nani?"

Naapa feni ya maktaba ilisimama. Mtu aliyekaa meza ya pili alijifanya anasoma, na kitabu chake kilikuwa juu chini.

Usiku sikula, jambo ambalo mke wangu alilihesabu kuwa ugonjwa. Asubuhi nilimwandikia barua Mkuu wa Idara ya Historia, kwamba kosa ni langu, mimi Athumani wa Saa ya Maktaba, na mwanafunzi hana hatia. Aliniita ofisini, akanishika mkono kwa heshima, akasema barua yangu ni nzuri na ataihifadhi. "Lakini Mzee," akaongeza, "nilichoomba ni aliyemwona kuku."

Kwa hiyo tukafanya nilivyokuwa nikifundisha. Tukaandika majina. Mama yangu alikwisha fariki, mwenye kuku naye, na mjomba wa Lamu vilevile. Katika watu wazima wote waliokaa kichochoro kile wakati huo alibaki Bi Rukia peke yake, aliyekuwa bibi arusi mpya katika nyumba iliyokuwa ukuta kwa ukuta na kisima. Nilimpita barazani kwake kila Ijumaa kwa miaka thelathini, nikamwamkia, nikaulizia miguu yake. Sikuwahi kumuuliza kitu kingine.

Tulikwenda baada ya alasiri. Njiani nilipunguza mwendo mara mbili, nikijisingizia kiatu. Nilikuwa nimebakiza wiki tano kazini. Wanafunzi wangu wamekuwa mawakili, makarani wa forodha, wahadhiri, na mmoja ni daktari aliyeniambia kwamba yale maswali manne anawauliza wauza dawa. Hilo najivunia, na nitajivunia mpaka nizikwe, tena nizikwe na Karatasi ya Kijani mfukoni kama sanda ina mfuko. Lakini siku ile nilitamani kidogo Bi Rukia awe amesahau. Saumu alikuwa ametangulia, daftari mkononi, na hatua zake hazikuonyesha kwamba anatamani hivyo.

Bi Rukia alitukaribisha kwa kahawa na haluwa. Tukaulizana hali mpaka hali zikaisha. Kisha mimi nikaanza kueleza: umuhimu wa vyanzo, mikondo ya maji chini ya matumbawe, masimulizi ya wazee, nafasi ya Lamu katika biashara. Nilieleza kwa muda mrefu. Saumu akanigusa kiwiko akauliza mwenyewe, kwa ufupi, kama nilivyomfundisha: wewe ulikuwapo siku kuku alipotumbukia, na uliona nini?

Mahafali yale nilihudhuria, nikakaa safu ya mbele na mamake Saumu, na ile nguo ilishonwa ikapendeza. Karatasi ya Kijani ina ukurasa wa tatu mpya, nilioubadilisha kwa mkono wangu kabla ya kukabidhi funguo. Sura ya tatu ya tasnifu ilipita mbele ya jopo bila swali. Ina tanbihi moja tu juu ya jambo hili, yenye jina la msemaji, mahali na siku, na maneno yake kama alivyoyasema, ambayo nami niliyasikia nikiwa nimeshika kikombe.

Alasiri ile, kabla ya kujibu, Bi Rukia alipangusa mdomo kwa ncha ya leso. Alimtazama Saumu, kisha akanigeukia mimi, kwa huruma, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Athumani, mwanangu, mwenye kuku alikwenda arusini akatuachia tumtunze, na sisi tukapata wageni," akasema. "Kuku yule hakwenda Lamu. Twalimla."