Tanuri la Bibi Nyanzobe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ni ile niliyomnyooshea kidole bibi kizee mbele ya watu nikidhani nafundisha. Nakusimulia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana huko mwaloni, mitumbwi inakofikia, bado wapo wanaonicheka. Na wana haki ya kunicheka.

Nakusimulia pia kwa sababu nawaona ninyi vijana mnavyokuja na simu zenu na mambo yenu mapya. Mkulima asipoyapokea, mnarudi mjini mkinung'unika kwamba watu wa kule ni wagumu. Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyaandika kwenye ripoti kwa mkono wangu huu.

Zilikuwa enzi za ruksa, soko limefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Hapa Mwanza viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga kando ya ziwa, na malori ya barafu yanashuka mpaka mialoni kuchukua sangara wakubwa kwa fedha taslimu. Akina mama waliozoea kununua sangara hao na kuwabanika kwa moshi wakabaki na wale wadogo ambao kiwanda hakiwataki. Samaki wadogo, faida ndogo, na kuni nazo kila mwaka zinafuatwa mbali zaidi.

Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Pasiansi, nimetoka chuoni na cheti changu hakijapata hata kukunjwa. Nikaajiriwa na mradi wa kuwasaidia akina mama wa ziwani. Kazi yetu ilikuwa kuwaletea tanuri jipya la kubanikia samaki: sanduku la matofali, moto chini, juu yake trei za waya zimepangwa moja juu ya nyingine, na bati la kufunika. Moshi hautoroki, mbwa hawafiki, kuni zinatumika kidogo. Tanuri lilikuwa zuri, mwanangu. Mpaka leo nikisikia mtu analisema vibaya napandwa na hasira.

Mkuu wetu wa mradi, mtu msomi na mwenye nia njema, alikuwa amebandika mchoro ukutani. Ulionyesha jinsi kitu kipya kinavyoingia kwa watu maskini: kinaanza kwa waliosoma na wenye nyumba za bati, kinateremka kwa majirani zao, kinamalizikia kwa wale aliowaita wazito. Kila bibi maendeleo, maana ndivyo tulivyoitwa hata sisi ambao hatujaolewa, alipewa nakala ajaze majina ya watu wa mwalo wake. Nikajaza. Juu kabisa nikamweka Mama Leticia, kiongozi wa wabanikaji, mwenye darasa la saba na bati juu. Wengine nikawapanga chini yake mmoja mmoja mpaka nikaridhika kwamba nimewamaliza.

Bibi Nyanzobe sikumwandika. Huyu alikuwa mjane, miguu imevimba, hawezi tena jembe, anaishi na wajukuu wawili alioachiwa na marehemu binti yake. Kila nilipofika nilimkuta amekaa juu ya jiwe bapa katikati ya mashimo ya moto, macho yanamtoka machozi, anageuza samaki kwa kijiti. Nilidhani anaota moto.

Siku ya kuonyesha tanuri ilifana. Samaki walitoka rangi ya dhahabu, hakuna aliyeungua, na mchana ulikuwa haujafika. Akina mama walipiga vigelegele, wakala, wakalizunguka tanuri wakiligonga kwa viganja. Nilipowauliza nani ataanza kulitumia, walinyoosha mikono wote. Nilirudi mjini nikiimba njia nzima.

Baada ya wiki mbili nikarudi na kukuta kuku ametaga ndani ya tanuri. Mayai matano, yamekaa vizuri kwenye majivu ya siku ile ile ya maonyesho. Mashimo ya zamani yanafuka moshi kama kawaida. Mama Leticia akanipokea vizuri, akaniambia wanalipenda sana tanuri, ila kulikuwa na msiba. Niliporudi tena ilikuwa mvua. Safari ya tatu walisema wanasubiri kuni nzuri. Kila mmoja alikuwa na sababu, kila sababu ilikuwa na adabu, na kuku aliendelea kuatamia.

Nikaandika ripoti. Nikaandika kwamba wanawake wa mwalo ule ni wagumu kubadilika, na kwamba trei na bati lake vichukuliwe vipelekwe mwalo mwingine wenye watu waliochangamka. Niliipeleka ofisini Ijumaa. Jumatatu nikaenda kuwaaga, na ningeaga tu nikaondoka ingekuwa nafuu. Lakini ujana una mdomo. Nikaitisha mkutano pale pale kwenye mashimo, nikawaambia wanapenda umaskini, wanakumbatia moshi wakati dawa wameletewa mlangoni. Ndipo nikamnyooshea kidole Bibi Nyanzobe. Nikasema, mnataka mzeeke hivi? Mnataka mwishie kulia machozi ya moshi kama bibi huyu?

Bibi aliinamisha kichwa akaendelea kugeuza samaki. Akina mama waliinuka mmoja mmoja, wakajifunga vitenge, wakaondoka. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi nilikuwa nimetukana leba nzima.

Mama Leticia peke yake ndiye aliyebaki. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye maji, mbali na masikio. Nilijua nitasemwa, nikajiandaa kujitetea. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Tanuri lako tulilielewa siku ile ile ya kwanza," alisema. "Mtu anayenunua kuni kwa fedha yake haelezwi mara mbili faida ya kupunguza kuni. Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Tukiliwasha, Bibi Nyanzobe atakula nini?"

Sikuelewa, ikabidi anifafanulie kama mtoto. Wao walikuwa wengi, kila mmoja na shimo lake, na asubuhi kila mmoja alihitajika kwingine: kupokea mitumbwi, kwenda sokoni, kupalilia mihogo. Mashimo yote yaliangaliwa na Bibi Nyanzobe. Aligeuza samaki, alinyunyizia maji moto ukipanda, alifukuza mbwa na mwewe. Jioni kila mama akija kuepua samaki wake, alimwachia mmoja juu ya kipande cha gunia. Hakuna aliyeuita mshahara wala sadaka. Kwa samaki hao bibi alikula, akauza waliozidi, na wajukuu wake walikwenda shule na daftari. Tanuri halihitaji wa kugeuza wala wa kufukuza mbwa. Tanuri lilikuwa limekuja kuchukua nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo walimjua kwa jina.

Nikamuuliza, kwa nini hamkuniambia? Badala yake mnanipa habari za mvua na misiba?

"Tungekuambia vipi naye amekaa pale?" akasema. "Yule anajua anafanya kazi. Siku tutakayomwambia mgeni kwamba tunaacha tanuri kwa ajili yake, tutakuwa tumemgeuza ombaomba. Ndiyo maana tulikudanganya. Na tungeendelea kukudanganya mpaka uchoke."

Mwanangu, nililia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekuja na shuka tu nikidai nimekimaliza kitanda chote. Nililia zaidi nilipokumbuka kwamba ripoti imeshafika, na kwamba Jumatano gari lingekuja kuchukua trei. Kumbe nilikuwa nakaribia kuwanyang'anya kitu walichokipenda, kwa kosa la kumpenda jirani yao.

Nikarudi kwenye jiwe lile. Nikapiga magoti, nikamwamkia Bibi Nyanzobe, nikamwomba radhi. Aliitikia marahaba, kisha akanitazama muda mrefu kwa macho yale mekundu.

"Ni kweli moshi unanitoa machozi," alisema. "Hukusema uongo. Ila umekuja hapa mara tano, mjukuu wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza unaniamkia."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mtoto wa Kisukuma, nimefundishwa kupiga magoti kabla sijafundishwa kusoma, na nilimpita mzee mara tano kama ninayepita kisiki. Nikabaki nimeinama.

Yeye ndiye aliyeendelea. Akasema amekuwa akiliangalia tanuri langu tangu siku ya maonyesho, na lina kasoro. Siku ile lilifanya vizuri kwa sababu tulipanga samaki wachache wa saizi moja. Likijazwa, trei za chini zitaungua na za juu zitabaki mbichi, kwa hiyo lazima ziwe zinabadilishwa, na wa kuzibadilisha lazima awe anajua moto. Aujue kwa kusikia mafuta yanavyodondoka, na si kwa kufunua funua kila mara. Tena mdomo wa tanuri, pa kutilia kuni, uko juu mno, mtu aliyekaa hawezi kusukuma kuni. Aliyasema hayo yote akigeuza samaki. Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja wa mafunzo ya tanuri, yeye alikuwa na miaka arobaini ya moto.

Nikamuuliza, bibi, je, ungekubali kuwa mwenye tanuri hili? Kila mama alete samaki wake, wewe upange, ubadilishe trei, uamue wameiva lini, nao wakuachie kama wanavyokuachia siku zote? Akasema mdomo wa tanuri ubomolewe kwanza, ushushwe, ndipo tuzungumze. Mama Leticia, aliyekuwa amenifuata, akacheka kwa sauti, akaenda kuita wenzake.

Jumanne tulibomoa na kujenga. Akina mama walikanda udongo, na mimi nilibeba matofali mpaka viganja vikachubuka, wala hakuna aliyenionea huruma. Jumatano asubuhi tanuri likawashwa, limejaa samaki wa watu kumi na moja, na Bibi Nyanzobe amekaa mbele yake, sikio moja limeelekea kwenye trei.

Gari likafika saa nne. Mkuu wetu mwenyewe alikuwa ndani, ripoti yangu mkononi. Dereva akashuka kuja kuchukua trei. Bibi hakusimama, hakugombana naye, alimwambia tu asubiri, samaki hawajaiva. Dereva akamtazama mkuu. Mkuu akanitazama mimi, akaniuliza huyu bibi ni nani, maana kwenye orodha yangu hamwoni.

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojua kama nitakuwa mtu wa maana au la. Ningeweza kusema ni kibarua, ripoti ikasalimika na kazi yangu ikasalimika. Nikamwambia mbele ya wote kwamba huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote mwaloni, kwamba nilimsahau, kwamba nilichoandika ni uongo hata kama nilikiamini, na kwamba akichukua trei aniache na mimi pale pale.

Mkuu alikaa juu ya tofali. Alimsikiliza Bibi Nyanzobe mpaka samaki walipoiva, akiuliza na kuandika, akiuliza na kuandika. Trei hazikuchukuliwa. Ofisini alinikaripia sawasawa, nikastahili, na baada ya hapo kila mwalo tulioupelekea tanuri tulianza kwa kumtafuta mtu wa kukaa mbele yake. Walikuja akina mama wa visiwani wakitaka "tanuri la Nyanzobe," na wengine walidhani hilo ndilo jina lake la kiwandani.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya pale, macho yakapona kiasi, wajukuu wakamaliza shule. Alipofariki tulimzika vizuri. Matanga yalipoondolewa, nilidhani wataitisha kikao kuchagua wa kushika tanuri. Hakikuitishwa. Nilipofika asubuhi iliyofuata nilimkuta Mama Leticia amekaa pale mbele ya moto. Mumewe alikuwa amekufa maji mwaka uliotangulia, mtumbwi umeuzwa, magoti yake yameanza kukataa safari za sokoni. Wenzake walikuwa wanampangia samaki pembeni, wanaagana naye, wanakwenda zao. Mahali alipopalinda kwa ajili ya mwenzake palikuwa pamemngojea yeye.

Basi sikia nasaha yangu. Unapotaka kuwapelekea watu kitu kipya, usianze kwa kuuliza nani atakipokea kwanza. Uliza kile cha zamani kinamlisha nani. Ukimpata mtu huyo, mwamkie, kaa naye, umsikilize hata kama anakusema vibaya, kisha umtafutie nafasi ndani ya hicho kipya kabla hujakiwasha. Watu wakikukatalia kwa adabu, usiwaite wagumu. Mara nyingi kuna mtu wanamficha nyuma ya mgongo wao ili asiumizwe. Na ukikosea, maana utakosea, sema mbele ya wale wale uliokosea mbele yao.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie kazi ya mikono yako isimng'oe mtu mahali pake, na wewe, miguu yako itakapochoka, ukute wapo waliokuwekea pa kukaa.