Togwa ya Shangazi Bertilla

Shangazi yangu Bertilla wa Pito alipika pombe ya ulezi iliyowatoa watu kijiji cha mbali cha Mwazye kwa miguu. Siasa aliziita kelele za wanaume wenye njaa. Lakini chama cha baba kilichoanza kwa kutaja Ufipa tu, kikaishia kutaja Tanganyika, kiligeuka mikononi mwake. Nasema hivyo hata kama baba angenuna.

Baba yangu, Mzee Modesti, alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wana Ufipa. Waliuanzisha baada ya vita, Waingereza walipotuamulia nani alime wapi. Nia ilikuwa njema: ardhi yetu, mila zetu. Ila baba alipenda mila kama mtu anavyopenda koti lake la zamani, hata likimbana makwapani. Mwanachama mpya aliingia kwa njia moja tu: analima matuta na wenzake, jioni anakunywa nao pombe katika kibuyu kimoja. Kwetu pombe ndiyo asante ya jembe. Hakuna aliyefikiri kwamba kanuni hiyo imewafungia mlango Waislamu wote wa Mazwi, mtaa wa maduka pale Sumbawanga.

Mwasiti ndiye aliyegonga mlango huo. Alikuwa na duka la nguo na chumvi, rafiki wa shangazi tangu usichana. Alizaliwa Sumbawanga, na mama yake amezikwa Sumbawanga. Sasa wenye maduka walitishiwa kuhamishwa ili wapishe nyumba za maofisa, na Umoja ndio pekee uliosikilizwa bomani. Akaomba kuingia. Baba akamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Vijana walikuwa wameshaanza kumkimbia, wakitaka uhuru wa nchi nzima, na mikutano yake ilibaki na wazee wanaosinzia.

Siku ya kulima shamba la baba, Mwasiti alikuja na jembe, kanga kaifunga kiunoni. Alikata majani, akayafukia kwa udongo yaoze, tuta baada ya tuta, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilimwonea huruma, na baba nilimkasirikia sana. Sote tulijua jioni atarudishwa nyumbani.

Jioni shangazi alileta chungu, akachota kwa kibuyu, akampa baba kwanza kama ilivyo ada. Baba alionja, akaganda.

"Bertilla, hii ni togwa."

"Ndiyo, kaka. Ulezi ni uleule wa shamba lako. Safari hii sikuuacha uwe pombe."

"Watu wamelima kutwa, unawapa kinywaji cha watoto?"

"Nimeleta kinywaji cha wote waliolima."

Wazee wakatazama chini. Mzee Clemens, ambaye kwa kawaida husinzia wa kwanza, akakohoa. "Modesti, babu zetu walimshukuru mtu kwa jembe lake. Hawakumuuliza anakunywa nini."

Baba akatazama matuta ya Mwasiti. Yalikuwa yamenyooka kuliko yangu, na kusema kweli kuliko ya Clemens pia. Akanywa funda la pili, akafuta ndevu.

"Chama hiki kitalegea," akasema.

"Acha kilegee, kaka," shangazi akajibu. "Tuenee sote humo."

Baba aliinuka, akawapita wazee wote, akampa Mwasiti kibuyu kwa mikono miwili.

"Karibu, dada."

Mwasiti alikipokea kwa viganja vyake vyenye malengelenge, akanywa.